Stendi za zamani za drams: namna ya kuzijua na kuzilinganisha kabla hujatoa hela

Wakuu, ukizunguka Dar kutafuta stendi za drams, yaani vile vyuma vya miguu mitatu vinavyobeba simbali (visahani vya kupiga) na snea (ngoma ndogo), utakutana na hali hii, zile mpya za bei rahisi zinaanza kuyumba shingo mapema tu na zile nzito za uhakika bei yake ni kilio, afu hapo katikati kuna mzigo ambao wengi wanaupita, stendi za zamani. Zinashuka na makontena ya mitumba kutoka Uingereza, Ujerumani na Japani, nyingine zimelala stoo za makanisa, nyingine utazikuta kwa jamaa wa vyuma chakavu zimechanganywa na fremu za baiskeli zinapimwa kwa kilo. Humo ndani kuna vitu vya maana sana na kuna takataka, na kwa mbali vyote vinafanana kwa sababu vyote vina kutu na vumbi.

Msimamo wangu nausema mapema ili tusipotezeane muda: stendi ya zamani haijulikani kwa jina wala kwa kung'aa, inajulikana kwenye viungio vyake, yaani pale bomba linapoingia kwenye bomba jingine au kipande kinapokutana na kingine. Ukijua kusoma kiungio, muuzaji aseme anavyotaka, we unajua umeshika nini.

Vifaa vya kubeba ni vichache, sumaku ndogo (ya spika mbovu inatosha), tochi ya simu, futi ya chuma au venia (kipimo cha unene) kama unayo, kitambaa, na nati mbili za bodaboda, moja ya milimita 6 na moja ya milimita 8. Hizo nati ntaeleza kazi yake huko mbele, usizidharau.

HATUA YA 1: Jina liangalie, ila usiliamini peke yake

Jina mara nyingi limemiminwa kwenye chuma cha kiungio au kwenye nati ya masikio, na kwa haihati (simbali mbili zinazofungwa na kufunguliwa kwa mguu) na pedali nyingine linakaa kwenye kibao cha kukanyagia. Pedali ya ngoma kubwa ya Ludwig wa Marekani, ile Speed King kwa mfano, ambayo imeanza kutengenezwa tangu 1937, jina lipo wazi kabisa juu ya kibao, hiyo hata mtoto anaisoma. Shida ni kwamba stendi ni kitu cha vipande. Kichwa kinatoka huku mguu unatoka kule, miaka inapita, fundi anaunganisha, maisha yanaendelea. Na mji wetu huu hiyo ni kawaida zaidi, maana bendi zetu nyingi za dansi zilikuwa za mashirika na vyombo ni mali ya mwajiri, NUTA Jazz iliyoanza 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, zipo zilizokuwa za polisi, za magereza, za jeshi, kwa hiyo chombo kikiharibika mpiga drams hakuwa anaagiza kipya, anasubiri au anatafuta kipande kinachoingia. Ndo maana ukikuta stendi imeandikwa Premier (kampuni ya Uingereza) kwenye nati, angalia na vipande vingine kama vinakubaliana nayo.

Kingine, majina mengi kiwanda kimoja. Miaka ya 1960 viwanda vya Japani vilikuwa vinatengeneza drams na stendi kwa ajili ya waagizaji wa Marekani na Uingereza, kila muagizaji anabandika jina lake, na maumbo yenyewe yamefuatishwa kutoka kwa makampuni ya Marekani, Ludwig, Slingerland na Rogers. Kwa hiyo ukikutana na jina ambalo hujawahi kulisikia usikimbilie kusema ni feki, inawezekana ni kazi ya watu walewale wa Pearl au wa Star (hawa Star ndo baadae 1974 wakaja na jina la Tama). Maxwin ilikuwa ni jina la bei nafuu la Pearl. Olympic ilikuwa ya Premier. Trowa nayo ilitoka Weissenfels, Ujerumani Mashariki, kwenye kiwanda kilekile walichokianzisha Sonor 1875 kabla Sonor yenyewe haijahamia upande wa magharibi baada ya vita. Unaona sasa, jina dogo halimaanishi chuma kidogo.

HATUA YA 2: Soma miguu

Hapa ndo unapata umri kwa haraka. Iweke stendi chini uifungue miguu yote, afu rudi nyuma kidogo uangalie.

Kama miguu imelala flati kabisa kwenye sakafu, hiyo ni aina ya miaka ya 1950 na 1960. Ni nyepesi, nyingi zinacheza kwenye kilo mbili hivi, bomba nyembamba, na wapiga jazi mpaka leo wanazipenda kwa sababu unabeba seti nzima bila kuvunjika mgongo. Rogers wa kipindi hicho walikuwa na miguu yao iliyopinda, wanaiita Swan Leg, ukiiona mara moja hutaisahau.

Kama miguu imenyanyuka na kila mguu ni bapa moja tu la chuma, unaongelea zaidi miaka ya 1970. Muziki ulikuwa umepanda sauti, rock imeingia, simbali kubwa zinapigwa kwa nguvu, ile miguu ya kulala ikawa inatembea jukwaani.

Kama bapa ni mbili mbili kila mguu, bomba nene, stendi ukiinyanyua unahema, hiyo ni mwisho wa 1970 kwenda 1980 na kuendelea. Titan za Tama ni za kuanzia humo, na Sonor walikwenda mbali zaidi, ukishika stendi yao ya zama hizo unaweza dhani imetengenezwa kubebea gari. Zilizokuja na Pearl Export, seti iliyotoka 1982 ikauzwa sana dunia nzima, nazo ziko kwenye familia hii, na kwa makanisa mengi hizi ndo zinafaa kuliko zote.

Angalizo la muhimu, miguu ya kulala flati imerudi sokoni. Tama wana The Classic, Ludwig wana Atlas Classic, na wengine wanatoa, ni za miaka hii hii. Muuzaji akikwambia "kaka hii ya sitini hii, antiki kabisa" usibishane nae juu ya miguu, nenda hatua inayofuata.

HATUA YA 3: Kiungio, hapa kaa sana

Legeza nati, chomoa bomba la juu, washa tochi mulika ndani ya mdomo wa bomba la chini. Unatafuta jambo moja, kuna bushi ya plastiki (pete ya ndani inayolishika bomba la juu) au hakuna?

Stendi za zamani zaidi hazina. Skrubu inaingia moja kwa moja inang'ata bomba la ndani, chuma kwa chuma. Alama yake ni mikwaruzo kwenye bomba la juu, utaona mstari wa vidoti vilivyobonyea pale skrubu imekuwa ikikaa miaka yote, na kama mwenyewe alikuwa mtu wa kukaza kwa koleo utakuta bomba limebonyea mpaka sio duara tena. Lizungushe taratibu ndani ya lile lingine ukiwa umefumba macho kama ukipenda, mkono utakwambia, likiwa duara linazunguka laini, likiwa limebonyea linakwama sehemu moja linaachia, linakwama linaachia. Bomba la hivyo hata ukikaza vipi litashuka katikati ya ibada. Ila kubonyea kidogo sio kesi, unalizungusha ili skrubu ing'ate sehemu nzima.

Zenye bushi ya plastiki zinaanza kuwa kawaida kuanzia mwisho wa miaka ya 1970. Bushi inabana bomba pande zote kwa hiyo hakuna kung'atwa, na hakuna ule mlio wa chuma kugongana. Shida yake plastiki inazeeka, na kwa joto la Dar inakauka inapasuka. Angalia mpasuko. Bushi ikiwa imepasuka lakini chuma cha nje ni kizima, hiyo ni nafasi yako ya kushusha bei, maana bushi inatengenezeka, wapo wanaokata kipande cha plastiki ngumu ya dumu wanakizungusha ndani na kazi inaenda. Chuma cha nje kikiwa kimepasuka ni habari nyingine, nitaifikia.

Sasa kile kipete kinachovaliwa kwenye bomba ili ukumbuke urefu wako, cha kukaza kwa ufunguo wa drams, hicho ni shahidi mzuri sana. Rogers ndo waliileta hiyo fikra kwa nguvu katikati ya miaka ya 1970 na mfumo wao wa Memriloc, wengine wakafuata. Kwa hiyo stendi ikiwa na kipete chake cha asili, chenye kichwa cha ufunguo na kinachokaa kwenye mfereji wake wa kiungio, haiwezi kuwa ya 1965, aongee nani. Na hapo unammaliza yule wa antiki, stendi ya miguu flati yenye bushi ya plastiki na kipete ni toleo jipya, inaweza kuwa stendi nzuri tu, ila bei ya ukongwe asikuuzie.

Cha mwisho kwenye kiungio ni kichwa kinacholaza simbali. Kina meno. Fungua, tenganisha, angalia meno yalivyokaa, ya zamani mara nyingi ni makubwa machache kwa hiyo huwezi kupata ulalo unaotaka kamili, ni huu au ule. Meno yakiwa yamelika kwenye ncha yanang'aa na yamekuwa butu, simbali itajiinamisha yenyewe ukianza kupiga. Meno yaliyolika hayarudi, kichwa kinabadilishwa.

HATUA YA 4: Sumaku na rangi ya chuma

Pitisha sumaku kuanzia chini mpaka juu. Bomba linashika, ni chuma. Viungio vingi havishiki, kwa sababu vimemiminwa kwa zinki au alumini, na hiyo ni kawaida hata kwa majina makubwa, usiogope. Unachotafuta kwenye hivyo visivyoshika ni ufa. Futa grisi na vumbi kwa kitambaa halafu mulika kwa pembeni, sio kwa mbele, ufa unaonekana kama unywele unaoanzia kwenye tundu la skrubu kuelekea ukingoni. Zinki ya kumimina ikishapasuka mafundi wetu wa kuchomelea wa mtaani hawataiweza, itayeyuka mbele ya macho yako au itashika siku mbili ikaachia. Hapo acha, labda uichukue kwa bei ya spea.

Rangi nayo inaongea. Kromu ina weupe wa kibluu, ni ya baridi. Nikeli ina ujoto, inaelekea manjano, na ikikaa bila kusafishwa inafifia kama ina ukungu. Nikeli inaelekeza kwenye vitu vya zamani zaidi. Chini ya kromu mara nyingi kuna nikeli pia, kwa hiyo ukiona madoa ya manjano mahali palipochakaa sana usidhani umepata ya kabla ya vita.

Kutu: Dar tuna chumvi kwenye hewa, stendi iliyokaa Msasani au Kigamboni karibu na maji haiwezi kufanana na iliyokaa Dodoma. Vile vidoti vidogo vya kutu juu ya kromu ni sura tu, chukua foili ya jikoni, ikunje, ilowanishe maji, sugua taratibu, vinatoka vingi kwa sababu alumini ni laini kuliko kromu haiikwaruzi. Kwenye nikeli nenda pole zaidi. Stilwaya ya sufuria weka mbali. Kutu ya kuogopa ni ya ndani ya bomba na ya kwenye ripiti za miguu (pini zinazoiunganisha), mguu ukiwa unacheza kushoto kulia kwenye ripiti hiyo stendi itayumba milele, ila ripiti inatobolewa na kuwekwa bolti na nati ya kujifunga, kazi ndogo.

HATUA YA 5: Thredi (mikato ya skrubu), na zile nati za bodaboda

Hapa ndo watu wanaharibu vitu vya watu. Amerika wanatumia inchi, Japani na Ujerumani milimita, na Uingereza ya zamani ina thredi zake za inchi ambazo hata za Amerika haziingiliani nazo vizuri. Duka la spea za pikipiki Kariakoo limejaa milimita, kwa hiyo lijue mapema.

Nondo ya juu inapokaa simbali, nyingi za Japani na za sasa ni milimita 8, nyepesi na za zamani utakuta 6. Chukua nati yako ya 8 izungushe kwa vidole. Ikienda laini mpaka mwisho, umemaliza. Ikienda mizunguko miwili mitatu halafu ikakaza, SIMAMA, hiyo inawezekana kabisa ni ya inchi, kuna saizi ya inchi ambayo ni milimita 7.94 na inamdanganya mtu kwa sababu inaanza vizuri. Kwenye thredi ya nondo ya haihati ni hivyohivyo, ya Japani mara nyingi ni milimita 6, ya Amerika ya zamani inaweza kuwa robo inchi yaani 6.35, hapo nati ya 6 haitaki hata kuanza. Na kinyume chake nati ya robo inchi ukiiweka kwenye nondo ya 6 inaingia ikicheza cheza, mtu anafurahi, anakaza, thredi inakwisha.

Kwa stendi ya inchi hasa ya Uingereza ushauri wangu ni kununua ikiwa na nati na skrubu zake zote. Ikikosa moja, mchongaji mwenye mashine mtaa wa Gerezani anaweza kukutengenezea ukimpelekea iliyobaki kama sampuli, ila ukimpelekea maneno tu atakupa ya milimita.

HAIHATI NA SNEA

Haihati ipime ukiwa umekaa, sio umesimama. Weka simbali juu, kanyaga polepole na usikilize. Angalia kinachovuta, za zamani zina mkanda wa ngozi au bapa la chuma, za karibuni zina cheni. Mkanda wa ngozi uliokauka unabadilishwa na fundi viatu yeyote mwenye akili, ila apime urefu wa ule wa zamani kabla hajautupa. Springi ikiwa ndani ya bomba huioni, kwa hiyo sikiliza mkwaruzo na angalia kama kibao kinarudi juu chenyewe. Klachi (kishikio cha simbali ya juu) ijaribu hapohapo dukani na ile unayotumia, usiseme itaingia tu.

Stendi ya snea, cha msingi mikono yake mitatu ibane snea yako bila kuiachia, za zamani baadhi zilitengenezwa kwa snea fupi na nyingine mkono mmoja tu ndo unasogea. Nenda na snea yenyewe au na kipenyo chake, nyingi ni inchi 14. Mipira ya mikono ikiwa imeisha sio tatizo, na ile ya miguuni ndo rahisi kabisa, nenda duka la vifaa tiba uulize mipira ya chini ya magongo ya kutembelea, zipo saizi tofauti.

SASA KULINGANISHA

Umepata mbili tatu, unachagua ipi? Watu wanalinganisha zikiwa zimekunjwa zimelala chini, hapo huoni kitu. Zisimamishe zote urefu uleule, ule unaopigia wewe, na uweke simbali ileile kila moja, ikiwezekana raidi (simbali kubwa) ya inchi 20 maana nyepesi inaficha makosa. Shika ukingo wa simbali uvute kidogo chini uachie, uangalie stendi inatulia baada ya muda gani na kinachocheza ni kipi, mguu, katikati au kichwa. Inayocheza mguuni ni ripiti. Inayocheza katikati ni bushi au bomba. Inayocheza kichwani ni meno. Kila moja ushajua dawa yake na kama ina dawa.

Halafu gonga bomba kwa kucha ukiwa na sikio karibu. Ukisikia kitu kinalia ndani, kuna nati imedondoka au kipande cha bushi, usiondoke nayo kabla hujaitikisa kikatoka.

Baada ya hapo ni matumizi. Kama drams zako zinakaa kanisani mwaka mzima hazihami, chukua nzito za bapa mbili mbili za miaka ya 1980 hata kama zina kutu ya usoni, uzito hapo ni rafiki. Kama wewe ni wa harusi na hoteli, leo Mbezi kesho Kigamboni na mzigo wako unapanda bajaji, zile flati za zamani zenye viungio vizima zinakufaa kuliko Titan yoyote, ila usizitundikie simbali nzito kwa mkono mrefu, hazikuumbwa kwa hiyo. Na kama unanunua kwa ajili ya kuuza kwa wakusanyaji wa nje, hapo tu ndo jina na ukamilifu wa vipande vinakuwa mbele ya uimara, nati moja ya masikio isiyo yake inakula bei.

Kwenye bei mimi huwa simuonyeshi muuzaji kasoro moja moja, inakuwa vita. Nampa yote kwa mpigo: "Bosi wangu, mguu unacheza, bushi imepasuka na nati hii sio yake, nikitoka hapa naenda kwa fundi, nipunguzie hela ya fundi." Mara nyingi anaelewa, maana nae alipimiwa kwa kilo.

Ukifika kwa fundi mkataze mambo mawili kabla hajashika kitu, asitoboe tundu jipya kwenye bomba na asichomelee kiungio ili "kisilegee tena". Kiungio kilichochomelewa hakikunjiki wala hakibadiliki urefu, na stendi ya hivyo siku ukitaka kuiuza anayebaki kuitaka ni yule wa mizani.